Joto la maji katika mabwawa ya samaki ya Milima ya Pare

Joto la maji katika mabwawa ya samaki ya Milima ya Pare ni jambo linaloamua, pengine kuliko chakula na kuliko mbegu, kama samaki waliopandikizwa watakua, watadumaa au watakufa. Milima hiyo iko kaskazini-mashariki mwa Tanzania, katika wilaya za Same na Mwanga, mkoa wa Kilimanjaro. Maji ya vijito vyake ni safi na yana hewa ya kutosha, lakini ni baridi. Perege, samaki anayefugwa zaidi katika mabwawa ya Tanzania, ni samaki wa maji ya joto.

Kaya inaweza kuchimba bwawa kwa jembe kwa wiki kadhaa, ikanunua vifaranga, ikawalisha pumba kwa miezi minane, na mwishowe ikavua samaki wenye ukubwa wa kiganja cha mtoto. Mara nyingi lawama hupewa mbegu au chakula, ilhali kipimajoto cha bei ndogo kingetoa jibu katika juma la kwanza.

Mazingira ya Same na milima yake

Mji wa Same uko tambarare, chini kidogo ya mita 900 juu ya usawa wa bahari, kando ya barabara kuu iendayo Moshi kutoka Dar es Salaam. Juu yake imesimama Pare ya Kusini, ambayo kilele chake, Shengena, kiko ndani ya msitu wa Chome na hufikia karibu mita 2,460. Pare ya Kaskazini, yenye Usangi na Ugweno, iko katika wilaya ya Mwanga.

Hewa hupoa kadiri mtu anavyopanda: kwa kadirio la kawaida, nyuzi za sentigredi (°C) 0.6 kwa kila mita 100. Hivyo ikiwa wastani wa joto tambarare ni nyuzi 24, kijiji kilicho mita 1,000 juu yake kitakuwa na wastani wa nyuzi 18 hivi. Maji ya bwawa lililotulia hufuata wastani huo wa hewa kwa karibu, ingawa jua huweza kuyapandisha kidogo juu yake. Maji ya kijito kinachotoka msituni, ambacho hakijaona jua, huwa baridi zaidi.

Pande mbili za milima hazifanani. Upande wa mashariki hupokea pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi, nao una mvua, mawingu na ukungu zaidi. Upande wa magharibi, kuelekea Makanya na Hedaru, uko katika kivuli cha mvua. Huko jua ni kali na maji ni haba. Mvua huja kwa misimu miwili, vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba na masika kuanzia Machi hadi Mei. Miezi ya baridi ni Juni, Julai na Agosti, na ndiyo miezi inayopima bwawa la mlimani.

Samaki na joto

Samaki hatengenezi joto lake mwenyewe kama kuku au mbuzi. Mwili wake hufuata joto la maji aliyomo. Maji yakipoa, mapigo ya moyo, mmeng'enyo wa chakula na ukuaji vyote hupunguza mwendo. Kwa kadirio la jumla, kasi ya shughuli za mwili hupungua kwa nusu joto linaposhuka kwa nyuzi 10.

Kati ya perege, aliyechunguzwa zaidi ni sato (Oreochromis niloticus). Hukua vizuri katika maji ya nyuzi 25 hadi 32. Huanza kuzaa maji yanapofika karibu nyuzi 24. Chini ya nyuzi 20 hula kidogo na ukuaji wake karibu husimama. Kwenye nyuzi 11 au 12 hufa. Upande wa juu huvumilia sana, hadi karibu nyuzi 42, mradi oksijeni ipo. Kambale naye hupenda maji ya nyuzi 25 hadi 30.

Ni vema kuona tofauti kati ya joto linaloua na joto linalodumaza. Mabwawa mengi ya milimani hayafikii nyuzi 12, kwa hiyo samaki hawafi. Maji ya nyuzi 18 huwaacha hai, wakiogelea na kuja juu wakitupiwa pumba, lakini uzito wao hauongezeki. Mfugaji huona uhai akadhani kuna ukuaji.

Baridi ina faida moja. Katika maji ya joto perege huzaa mapema na mara nyingi, bwawa likajaa watoto wanaogombea chakula. Chini ya nyuzi 22 kuzaana hupungua sana. Faida hiyo hailipii hasara ya ukuaji, lakini inaeleza kwa nini bwawa la mlimani mara nyingi huwa na samaki wachache, wazee na wadogo.

Jinsi bwawa linavyopata na kupoteza joto

Maji ni mazito kupasha moto. Lita moja huhitaji kilojuli 4.2 ili ipande kwa nyuzi 1. Katika akwariamu ya nyumbani ya lita 100 hilo si tatizo: kipasha-maji cha wati 100 hupandisha nyuzi 1 kwa muda wa saa moja na dakika kumi, ukiacha joto linalopotea. Ndiyo maana watu wanaofuga matumbawe katika matangi ya kioo wanaweza kuyaweka maji kati ya nyuzi 24 na 27 usiku na mchana.

Bwawa la udongo ni jambo jingine. Bwawa la mita 10 kwa 20 lenye kina cha mita 1 lina lita 200,000. Kulipandisha kwa nyuzi 1 tu hudai takriban uniti 230 za umeme. Hakuna kaya inayoweza kulipa gharama hiyo, wala hakuna perege anayeweza kuirudisha.

Jua, kwa upande wake, hufanya kazi hiyo bure. Siku isiyo na mawingu karibu na ikweta huleta nishati ya uniti 5 au zaidi juu ya kila mita ya mraba. Juu ya bwawa hilohilo ni zaidi ya uniti 1,000 kwa siku moja. Sehemu kubwa hupotea tena kabla ya asubuhi. Kusimamia joto la bwawa, basi, ni kuhifadhi kilicholetwa na jua.

Joto hupotea kwa njia tatu kuu. Ya kwanza ni mvuke: kilo moja ya maji ikigeuka mvuke huondoka na megajuli 2.4 hivi. Milimita 5 zikikauka kwa siku, katika maji ya kina cha mita 1, joto lililoondoka lingetosha kulipoza bwawa kwa karibu nyuzi 3. Upepo huongeza upotevu huo. Ya pili ni mnururisho wa usiku kuelekea anga, ambao ni mkali zaidi usiku usio na mawingu. Ya tatu ni maji yenyewe kutoka na mengine baridi kuingia. Hii ya tatu ndiyo iliyo mikononi mwa mfugaji kuliko zote.

Kosa la kuacha mfereji wazi

Katika milima yenye vijito, ni desturi kuuelekeza mfereji bwawani na kuuacha utiririke mchana na usiku. Sababu inayotolewa ni kwamba samaki anataka maji mapya. Kwa samaki wa maji baridi kama trauti ni kweli. Kwa perege wa mlimani ni njia ya uhakika ya kumdumaza.

Hesabu yake ni rahisi. Chukua bwawa lile la lita 200,000 lenye maji ya nyuzi 25, na mfereji mdogo wa lita 1 kwa sekunde wenye maji ya nyuzi 16. Mfereji wa namna hiyo ni kitu kidogo, unajaza ndoo ya lita 20 kwa sekunde 20. Lakini kwa siku moja huingiza lita 86,400, zaidi ya theluthi moja ya bwawa. Kufikia kesho yake muda uleule, maji yatakuwa yameshuka hadi karibu nyuzi 22, na kurudisha nyuzi hizo 3 kungehitaji takriban uniti 700. Mfereji ukiendelea, bwawa litakaribia joto la kijito chenyewe na kubaki hapo.

Maji ambayo bwawa linayahitaji kweli ni yale ya kufidia yaliyokauka na yaliyonywewa na ardhi. Kwa bwawa hilo, milimita 5 za mvuke ni lita 1,000 kwa siku. Yakiongezwa yanayovuja, bwawa lililoshindiliwa vizuri kwa mfinyanzi linaweza kutosheka na lita elfu mbili au tatu. Kiasi hicho hakiwezi kupoza maji hata kwa robo ya nyuzi.

Kanuni inayofuata ni kujaza, kufunga, kisha kuongeza kidogokidogo. Maji ya kuongeza huingizwa adhuhuri au alasiri, si usiku. Ni bora yapite kwanza katika mfereji mrefu, mpana na wenye kina kifupi, au katika kibwawa cha kupashia joto kinachopigwa na jua. Wakulima wa mpunga katika sehemu za baridi za Japani hutumia mifereji na vibwawa vya namna hiyo ili maji ya mlimani yasidumaze mpunga.

Mfereji ukifungwa, oksijeni lazima itoke mahali pengine. Hutoka kwa mwani, mimea midogo inayoyapa maji rangi ya kijani. Mwani hutengeneza oksijeni mchana na ni chakula cha perege, na maji ya kijani hunasa joto la jua vizuri kuliko maji meupe. Bwawa lenye mkondo usiokoma halipati mwani, kwa kuwa mbolea yote huchukuliwa na maji yanayotoka. Kwa hiyo mfereji ulioachwa wazi huondoa joto, chakula na mbolea kwa pamoja.

Bwawa la samaki na ndiva

Wapare wana ujuzi wa zamani wa kutunza maji. Ndiva ni bwawa dogo la kukusanyia maji ya umwagiliaji, linalosimamiwa na watumiaji wake kwa zamu. Mojawapo inayojulikana ni ndiva ya Manoo katika kijiji cha Bangalala, kwenye bonde la Makanya. Kwa kawaida ndiva hujazwa usiku kutoka mfereji, ikafunguliwa mchana kuelekea mashambani.

Kwa sababu hiyo ndiva haifai kuwa bwawa la samaki. Maji yake huingia wakati wa baridi na kuondoka kabla jua halijayafanyia kazi, na kina chake hubadilika kila siku. Vilevile si haki mmoja kufuga samaki katika maji ambayo wengine wanayategemea kwa mahindi yao.

Hata hivyo mpango wa zamu unafaa sana kwa bwawa la samaki lililo chini ya ndiva. Bwawa lililofungwa linahitaji maji kidogo, na zamu moja kwa juma inatosha kufidia yaliyopungua. Mfugaji anayeacha mfereji wazi siku zote huwakosea samaki wake na majirani zake kwa pamoja. Katika bonde lenye maji haba kama la Makanya, shauri hilo la pili huwa zito kuliko la kwanza.

Mahali, kina na upepo

Mahali pa bwawa huamuliwa mara moja tu, kwa hiyo ni vizuri kupatazama mwezi wa Juni au Julai. Pare ya Kusini iko takriban nyuzi 4 kusini mwa ikweta. Katika miezi ya baridi jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini. Mteremko unaotazama kaskazini hupata jua zaidi wakati linapohitajiwa. Bonde jembamba lenye kivuli hadi saa nne asubuhi hupoteza sehemu kubwa ya siku, hata kama kuchimba huko ni rahisi na maji yapo karibu. Mikaratusi na migomba iliyo juu ya bwawa hupunguza jua, na majani yao huoza majini.

Kina cha sentimita 80 hadi 120 hufaa sehemu nyingi. Bwawa la sentimita 40 hupanda joto haraka mchana na kulipoteza lote usiku; samaki hupitia mabadiliko makubwa kila siku. Bwawa la mita 2 huwa na tabaka la chini ambalo jua halilifikii. Maji ya joto ni mepesi na hukaa juu, maji ya baridi ni mazito na hukaa chini. Ndiyo sababu bomba la kutolea maji ya ziada linapaswa kuchota chini, si juu. Mabwawa mengi hutoa maji kupitia mdomo ulio juu ya ukingo, yaani hutupa maji ya joto na kubakiza ya baridi. Bomba lililopinda, lenye mdomo karibu na sakafu ya bwawa, hurekebisha kasoro hiyo kwa gharama ndogo.

Upepo huzuiwa kwa ua wa matete upande unakotokea, mbali kidogo na ukingo ili mizizi isitoboe. Matete hayo ni malisho ya ng'ombe pia. Kufunika bwawa zima kwa nailoni kama kitalu huongeza nyuzi kadhaa, lakini gharama yake hustahili kwa tangi la vifaranga tu.

Kupima

Kipimajoto cha kioo kinatosha. Maji hupimwa mara mbili, alfajiri kabla ya jua na saa tisa alasiri, sentimita 30 chini ya uso. Kupima uso peke yake hudanganya, maana ngozi ya juu huweza kuwa na nyuzi 4 au 5 zaidi ya chini. Maji ya chini huchotwa kwa chupa iliyofungwa jiwe na kizibo chenye kamba. Vipimo vikiandikwa daftarini kwa mwaka mmoja, mfugaji hujua miezi yake ya ukuaji, jambo ambalo hakuna kitabu kinachoweza kumwambia kuhusu bwawa lake.

Wastani wa alfajiri na alasiri ukiwa nyuzi 24 au zaidi kwa miezi sita ya mwaka, perege watalipa. Ukikaa kati ya 20 na 24, watakua polepole na muda wa kuvua utarefuka. Ukiwa chini ya 20 kwa sehemu kubwa ya mwaka, ni afadhali shimo hilo litumike kumwagilia mboga.

Chakula na mbolea wakati wa baridi

Samaki aliyepoa hawezi kumeng'enya chakula kama wa Januari. Pumba lisiloliwa huzama, likaoza na kutumia oksijeni. Katika miezi ya baridi chakula hupunguzwa, na hutolewa alasiri maji yakiwa yamepata jua, si asubuhi na mapema. Maji yakishuka chini ya nyuzi 18, kulisha kila siku ni kutupa fedha majini. Samadi nayo huoza polepole katika baridi na kujilimbikiza; Septemba joto linaporudi, huoza yote kwa mara moja, na samaki waliovuka Julai huweza kufa kwa kukosa hewa.

Kusafirisha vifaranga kwenda mlimani

Vifaranga hutoka mara nyingi sehemu za chini zenye joto. Safari ya kupanda mlima huchukua saa chache, nayo huweza kuwahamisha kutoka maji ya nyuzi 28 hadi ya 19. Wakimwagwa moja kwa moja, wengi hulala ubavu, na vifo huendelea kwa siku mbili tatu, hata mnunuzi akaamini ameuziwa wagonjwa.

Mfuko huelezwa bwawani ukiwa umefungwa kwa dakika 30. Kisha hufunguliwa na maji ya bwawa huongezwa kikombe kwa kikombe hadi tofauti isizidi nyuzi 2 au 3. Ndipo mfuko hulazwa na samaki huachwa watoke wenyewe. Tofauti ikiwa kubwa kama ile ya nyuzi 9, kazi hii huchukua saa moja na zaidi. Kupandikiza Oktoba au Novemba, joto likiwa linapanda, ni salama kuliko Mei.

Tambarare: joto likizidi

Chini ya milima, upande wa Ndungu, Maore na bwawa la Kalimawe, shida hugeuka. Huko nyuzi zinatosha, ila maji ya joto hubeba oksijeni kidogo: yanaposhiba hewa katika usawa wa bahari, lita moja hubeba miligramu 9.1 kwenye nyuzi 20 na 7.6 tu kwenye nyuzi 30, na mwinuko hupunguza zaidi. Usiku mwani nao hupumua. Alfajiri ya Februari samaki wakionekana wakitwetea juu ya maji, chakula husimamishwa siku hiyo na maji mapya huingizwa mara moja. Mvua baridi ya ghafla baada ya siku za joto ina hatari yake: hupoza tabaka la juu, likazama, na maji ya chini yasiyo na oksijeni yakapanda.

Uchaguzi wa samaki

Majaribio ya kufuga perege katika mabwawa nchini yalianza mwaka 1949 Korogwe, katika bonde la Mto Pangani, na Malya karibu na Mwanza. Korogwe ni sehemu ya joto, na ratiba ya kuvua baada ya miezi sita inayofaa sehemu za namna hiyo haiwezi kuchukuliwa kama ilivyo hadi Chome au Mbaga.

Trauti angestahimili maji ya vijito vya juu, kwani hupenda nyuzi 12 hadi 18. Waingereza walimleta katika mito ya nyanda za juu za Kenya mwanzoni mwa karne ya 20. Lakini huhitaji mkondo mkubwa usiokoma na chakula chenye protini nyingi, na ni mla-wenzake anayeweza kudhuru viumbe vya kijito akitoroka.

Bonde la Pangani lina perege wake wa asili, wakiwemo Oreochromis jipe wa Ziwa Jipe na Oreochromis pangani, walioelezwa kisayansi na Rosemary Lowe mwaka 1955. Sato si mwenyeji wa bonde hilo. Akiingia mtoni hugombania chakula na mahali pa kutaga, na anaweza kuzaana na wenyeji. Maji yanayotoka upande wa mashariki wa Pare ya Kusini huelekea Mto Mkomazi, ambao huingia Pangani. Kwa hiyo bomba la kutolea maji la bwawa la sato hufungwa wavu wenye matundu madogo kuliko kifaranga, nao husafishwa kila juma, hasa wakati wa masika.